Aliyelala mlangoni mwa Kabaka

*Soko kubwa la mitumba la Kampala lina jina la mtu aliyewahi kushika kazi ya siri kuliko zote katika kasri la Buganda. Utakatifu wake unajulikana. Kazi yake imesahaulika.*

KAMPALA. Kabla jua halijachomoza vizuri, marobota ya mitumba yanashushwa kwenye malori karibu na mtaro wa Nakivubo. Wapagazi wanayapokea mgongoni, wameinama mpaka uso unakaribia magoti, wakipaza sauti kuomba njia. Kamba inakatwa, robota linapumua kama mtu aliyelegezwa mkanda, nguo zinamwagika, na mikono ishafika kabla ya macho.

Wengi hulitaja soko hili kwa jina la Owino. Kwenye karatasi za jiji ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Asubuhi hadi jioni maelfu ya watu wanapita chini ya jina hilo wakitafuta suruali ya mtoto, koti la baridi, viatu vya shule.

Ukiuliza Balikuddembe ni nani, jibu huja haraka: mfiadini. Ni kweli. Yosefu Mukasa Balikuddembe ni wa kwanza kuuawa kati ya wafiadini Wakatoliki 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini kabla ya hayo alikuwa na ajira. Alikuwa mtu wa nyumbani mwa mfalme, na si wa baraza la nje tu: alikuwa msimamizi wa nyumba ya ndani, mwenye kujua nani anaingia kwa Kabaka, Kabaka amekula nini, na amelala au amekesha.

Makala haya yanahusu ajira hiyo. Naamini bila kuielewa hatuwezi kuelewa kwa nini aliuawa, wala mfalme aliyemuua alipoteza nini.

Watoto wa mwanzi na mbio

Kasri la Kabaka, yaani Lubiri, lilikuwa mji mzima juu ya kilima. Lilizungushiwa ua wa matete yaliyosukwa kwa ustadi, na ndani yake kulikuwa na ua mwingine, na mwingine tena, kila mmoja na lango lake na mlinzi wake. Kadiri ulivyosogea ndani ndivyo watu walivyopungua na hatari ilivyozidi.

Ndani ya nyua hizo waliishi vijana walioitwa bagalagala. Hawa hawakuwa watumwa. Walikuwa watoto wa machifu na wa koo zenye jina, waliotolewa na jamaa zao wangali wadogo wakamtumikie Kabaka. Jamaa walikuwa na matumaini yao: kijana akionekana, akikumbukwa jina, angeweza kupewa eneo la kutawala. Kasri lilikuwa shule ya uongozi, na karo yake ilikuwa hatari ya kila siku.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, aliwaeleza vijana hao wakiwa na vilemba vya kamba kichwani, wakikimbia huku wameshika nguo zao ili miguu isionekane mbele ya mfalme. Picha hiyo hainitoki. Mtoto wa miaka kumi na mbili amebeba agizo la mtawala, anakimbia kadiri pumzi inavyoruhusu, na mkono mmoja umeshika vazi lake lisifunuke. Agizo la Kabaka halikutembea. Lilikimbia. Na aliyekosea, hata kosa dogo, angeweza kukatwa sikio.

Koo nazo zilikuwa na kazi zao, na nyingi zinazo mpaka leo. Wa ukoo wa Ngonge, ambao mnyama wao ni fisimaji, hutengeneza magome ya kifalme ya mti wa mutuba, kitambaa ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Wa ukoo wa Mbogo ndio waliombeba Kabaka mabegani. Mugema, wa ukoo wa Nkima, ndiye anayemsimika Kabaka mpya kule Naggalabi, Buddo.

Kulikuwa pia na moto. Langoni mwa Lubiri uliwaka moto ulioitwa ggombolola, haukuzimwa muda wote Kabaka alipokuwa hai. Akifa, unazimwa, na Waganda hawasemi mfalme amekufa: wanasema moto umezimika. Zamani mlinzi wa moto huo aliuawa papo hapo langoni. Leo neno gombolola ni jina la ngazi ya utawala nchini Uganda, na mwananchi anayekwenda huko kupigiwa muhuri hana sababu ya kukumbuka kwamba kuna mtu aliyekuwa akiishi na kufa pamoja na moto huo.

> Agizo la Kabaka halikutembea. Lilikimbia.

Siri ya mtungi

Mukasa aliingia katika mazingira haya mwaka 1874, akiwa na miaka kama kumi na minne. Mfalme alikuwa Mutesa I, mtawala mwerevu aliyezungumza Kiswahili, aliyewakaribisha wafanyabiashara wa pwani, na aliyependa kukaa akisikiliza watu wa dini wakibishana mbele yake.

Uswahili haukuwa mgeni pale. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1875 aliacha nyuma kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Kiingereza kule Zanzibar. Maftaa alibaki kwa Mutesa, akimsomea Biblia na kumwandikia barua. Wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877, na Padre Siméon Lourdel wa shirika la Kikatoliki la Mapadre Weupe akafuata Februari 1879. Waganda walimwita Mapera. Vijana wa kasri ndio waliokimbilia vitabu kwanza, na neno walilolitumia, okusoma, lilitoka kwetu. Mpaka leo kwa Kiganda mtu wa mwanzo wa Ukristo ni *omusomi*, msomi. Kusoma na kusali vilikuwa kitu kimoja.

Mutesa alipoanza kuugua, ugonjwa ulikuwa mrefu na wa aibu za mwili. Hapo ndipo tofauti ya watumishi huonekana. Baraza likijaa, kila mmoja ni mwaminifu. Usiku wa manane, mgonjwa anapoita maji, wanaobaki ni wachache. Mukasa alikuwa mmoja wao. Alichaguliwa kukesha katika nyumba ya ndani, na Mutesa akamwamini.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu anayemnywesha mfalme dawa anajua nguvu za nchi zimebaki kiasi gani. Anajua kabla ya waziri mkuu, kabla ya wana wa mfalme, kabla ya majirani wenye majeshi. Akifungua mdomo kwa mtu mmoja tu, vita vya urithi vinaweza kuanza kabla moto haujazimika. Sijaona popote kwamba Mukasa aliufungua.

Alibatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Mwishoni mwa mwaka huo Mapadre Weupe wakaondoka Buganda, wasirudi hadi katikati ya 1885. Muda wote huo kijana huyu wa miaka ishirini na kitu ndiye aliyekuwa tegemeo la wasomi Wakatoliki ndani ya kasri, huku zamu yake ya usiku ikiendelea kama kawaida.

Oktoba 1884 Mutesa alifariki katika kasri lake la Kasubi. Alikuwa Kabaka wa kwanza kuzikwa mwili mzima, bila taya kuondolewa na kuhifadhiwa peke yake kama desturi ilivyokuwa.

Bwana mpya

Mwanga alirithi kiti akiwa hajafikisha miaka ishirini. Alimrithi na Mukasa, akampandisha cheo: msimamizi wa nyumba yake ya ndani. Mpangilio huu unahitaji kutazamwa vizuri. Mtumishi alikuwa mkubwa kuliko mfalme. Alikuwa amemwona baba akidhoofika, na sasa alimwona mwana akijifunza kutawala kwa woga.

Woga huo ulikuwa na sababu, na hapa simulizi za kanisani mara nyingi hupita haraka. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara akiwatilisha machifu saini kwenye karatasi ambazo hawakuzielewa. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya Zanzibar, na Sultani Barghash akalazimika kunyamaza. Habari zilipanda bara na misafara. Mfalme mmoja mwenye mizinga amenyang'anywa nchi, tena mchana. Na Buganda ilikuwa na imani ya siku nyingi kwamba atakayeimeza nchi atatokea mashariki, kupitia Busoga.

Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington alikuja kwa njia hiyohiyo ya Busoga.

Mwanga aliamuru auawe, na tarehe 29 Oktoba 1885 ikawa hivyo. Mukasa alikuwa amejaribu kumzuia. Baada ya mauaji, wamisionari waliandika, alimwambia bwana wake kwamba Mutesa hakuwahi kumuua mzungu hata mmoja, na kwamba hili lilikuwa kosa.

Pale kulikuwa na mtu mwingine mwenye jina la Mukasa, naye ni Katikkiro, waziri mkuu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za misheni, mapema mwaka ule msimamizi wa nyumba ya ndani alimwonya Mwanga juu ya njama ya kumpindua iliyomhusisha Katikkiro. Mwanga alimsamehe waziri wake. Waziri hakumsamehe aliyemchongea.

> Mtumishi alikuwa mkubwa kuliko mfalme. Alimwona baba akidhoofika, sasa alimwona mwana akitawala kwa woga.

Kidonge

Katikati ya Novemba Mwanga aliumwa macho. Mukasa alifanya alichokuwa amefanya kwa Mutesa miaka yote: alitafuta dawa. Lourdel akatoa kidonge. Mfalme akameza, hali ikaharibika.

Hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo kwa mtu wa nyumba ya ndani. Unaweza kujitetea kuhusu maneno uliyosema barazani, mashahidi wapo. Kidonge kilichotoka mkononi mwako na kuingia kinywani mwa mfalme hakina shahidi isipokuwa wewe. Kila usiku wa uaminifu uliotangulia ukageuka kuwa ushahidi dhidi yake: nani mwingine alikuwa na nafasi? Katikkiro hakuhitaji kusema mengi.

Jumapili tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa alipelekwa Nakivubo, kwenye bonde ambalo leo wapagazi wanabeba marobota. Aliyekabidhiwa kazi ni Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, naye mtu wa kasri, mtumishi wa mfalme yuleyule. Hukumu ilikuwa kuchomwa moto akiwa hai. Mukajanga, kwa heshima aliyokuwa nayo kwake, alimkata kichwa kwanza, ndipo akawasha moto.

Mukasa alimwachia ujumbe: amwambie Mwanga kwamba amemuua bila haki, kwamba amemsamehe, lakini asipotubu watakutana mbele ya Mungu na shtaka litasomwa. Simulizi zinaongeza kwamba Mwanga, aliposikia, aliagiza mtu mwingine auawe na majivu ya wawili hao yachanganywe, ili mshtaki asitambulikane siku ya hukumu.

Nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanishtua. Hata baada ya kumuua, mfalme aliogopa kwamba mtumishi wake angesema kweli.

Alimtumikia nani?

Hapa ndipo watu wanapogawanyika, na ubishi huu haujapoa. Kila tarehe 3 Juni, siku ya mapumziko nchini Uganda, mahujaji hufurika Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Nje ya viwanja vya ibada mabishano huendelea.

Upande mmoja unasema Mukasa alikuwa mtumishi kamili. Alimpenda bwana wake kiasi cha kumwambia asichotaka kusikia. Aliwakinga vijana wadogo aliokabidhiwa, akiwapeleka shughuli za mbali pale mfalme alipowataka kwa tendo ambalo dini yao ilikataza.

Upande wa pili, na humo wamo Waganda wasomi wanaoupenda ufalme wao kwa dhati, unauliza swali gumu. Mtu anayelala mlangoni mwa mfalme akiwa na bwana wa pili, tena bwana ambaye wajumbe wake wametoka nchi zinazoimeza Afrika, je, huyo bado ni mtu wa mfalme? Kwao Mwanga alikuwa kijana aliyeuona ukoloni kabla ya wengi, na kasri lake lilikuwa limetobolewa kutoka ndani.

Wanahistoria nao wamevutana juu ya sababu: ni matamanio ya mfalme yaliyokataliwa, ni siasa za nje, au ni jambo lililo la ndani zaidi, kwamba kwa mara ya kwanza vijana wa kasri walithubutu kukataa amri? Kisa hiki kinavutwa pia katika mabishano ya leo kuhusu mapenzi ya jinsia moja, kila upande ukichukua kipande chake. Mimi nasisitiza jambo moja: wale walikuwa watoto chini ya mtu mwenye uwezo wa kuwaua, na mtu mzima aliyesimama kati yao na mfalme ana haki ya kuheshimiwa kwa hilo, hata na asiyeamini dini yake.

Kuhusu hofu ya Mwanga, naikubali. Ukoloni ulikuja kweli, na ulikuja kupitia mlango uleule aliouhofia. Lakini sikubali kwamba Mukasa alikuwa tundu katika ukuta. Aliyekuwa akipanga kumwondoa Mwanga mwanzoni mwa 1885, kama kumbukumbu zile ni za kweli, alikuwa na cheo kikubwa kuliko vyote chini ya Kabaka. Aliyeleta onyo ni msomi huyu wa nyumba ya ndani.

Mlango bila mlinzi

Usiku uleule wa kifo cha Mukasa, Karoli Lwanga na wenzake walikimbilia misheni kubatizwa. Lwanga ndiye aliyeshika uongozi wa vijana wa kasri. Miezi sita baadaye, Mei 1886, Mwanga aliwakusanya na kuwaamuru wanaosali wasimame kando. Walisimama. Tarehe 3 Juni walichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kizito alikuwa na miaka kama kumi na minne. Miongoni mwao alikuwamo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga mwenyewe. Mlezi alimsihi aseme tu kwamba hatasali tena. Kijana alikataa, akapigwa rungu shingoni kabla ya kuwekwa motoni, na hiyo ndiyo huruma pekee aliyoweza kupewa.

Mwanga alibaki na kasri lililojaa watu waliojifunza kunyamaza. Aliunda vikosi vya vijana wenye bunduki, na Septemba 1888, alipopanga kuwatelekeza wasomi kisiwani ziwani, vikosi hivyohivyo vilimng'oa. Alivuka ziwa kuelekea kusini, akapata hifadhi Bukumbi, karibu na Mwanza, kwa Mapadre Weupe, wenzake Lourdel.

Na waliomrudisha? Honorat Nyonyintono alikuwa kijana wa kasri aliyehasiwa kwa amri ya Mwanga mwaka 1886 kwa kosa la kusali. Mwaka 1889 aliongoza wapiganaji Wakristo kumrejesha Mwanga kwenye kiti, akafa vitani kabla ya ushindi. Apolo Kaggwa, kijana mwingine wa kasri aliyepigwa na Mwanga kwa mkono wake mwenyewe katika siku zile za Mei, alichukua nafasi yake na kuwa Katikkiro hadi mwaka 1926.

> Aliyehasiwa kwa amri ya mfalme alikufa akipigania kumrudisha mfalme.

Lubiri baada ya risasi

Tarehe 24 Mei 1966 wanajeshi wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, waliivamia Lubiri ya Mengo. Kabaka Mutesa II aliruka ukuta, akavuka hadi Congo na kisha Burundi akiwa na watu wachache waliokataa kumwacha. Mwaka 1967 falme zikafutwa kisheria, na mwaka 1969 Kabaka akafia uhamishoni London.

Ufalme uliporudishwa na Ronald Muwenda Mutebi II kusimikwa tarehe 31 Julai 1993, koo zilirudi na kazi zao kana kwamba zilikuwa zimeweka tu vifaa chini kwa muda. Ilibidi. Kabaka wa sasa hana jeshi wala hakusanyi kodi ya serikali. Ukimwondolea watu wanaomtumikia kwa hiari, kinachobaki ni mtu ndani ya kanzu. Tangu 2007, Nnabagereka, yaani malkia, Sylvia Nagginda anaendesha kambi za vijana ziitwazo Ekisaakaate, jina la ule ua wa matete, ambako wavulana na wasichana hufundishwa adabu na maarifa ya Kiganda.

Kasubi, nyumba ile ya mwaka 1882 ambako Mukasa alikesha na Mutesa, iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Watu walilia barabarani. Imejengwa upya, na paa lake la nyasi linashuka tena karibu kugusa ardhi.

Ndani, nyuma ya pazia la magome ya mutuba, wamelala Makabaka wanne. Mutesa yumo. Mwanga naye yumo: Waingereza walimpeleka Seychelles mwaka 1899, akabatizwa huko kwa jina la Danieri, akafa mwaka 1903, na mwaka 1910 mabaki yake yakarudishwa nyumbani.

Mukasa hana kaburi. Majivu yake yalibaki bondeni Nakivubo, yamechanganyika na ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Jioni, soko linapofungwa, wachuuzi hufunika meza zao kwa turubai na kuzifunga kamba, na walinzi wa usiku wanaanza kufika mmojammoja, kila mmoja na tochi yake, kuketi milangoni.